Tabaka Lililosogezwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza na mimi ni mke wa mtu! Naandika maneno haya huku natabasamu peke yangu kama mtu aliyepagawa. Mke wa mtu, tena mtu anayeamka kabla yangu, akanichemshia chai, akaniletea kitandani nusu yake imeshamwagika kwenye sahani. "Malkia," ananiambia, "nimekuletea chai na bwawa lake." Nani mwingine ana mume wa namna hii? Nitajieni mmoja.

Tumehamia nyumba ya kampuni. Vyumba viwili, jiko, na dirisha la sebuleni lisilofunga vizuri. Hata dirisha lenyewe nimelipenda. Mvua ikipiga, inaingia kidogo, sisi tunasogeza kiti na kucheka.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimefundishwa kazi ya mume wangu, na mwalimu mwenyewe jamani! Alitandaza karatasi ndefu sakafuni, akaweka sufuria pembe zote nne ili isijikunje, akapiga magoti. Nami nikapiga magoti kando yake, bega kwa bega.

Kazi yake ni kuchora ramani ya miamba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona. Wapimaji wanaitikisa ardhi kwa lori zito lenye bamba la chuma tumboni. Mtetemo unashuka, unagonga mwamba, unarudi juu, na vinasa vidogo vilivyochomekwa ardhini kwa safu ndefu vinausikia. Kila mwamba unarudisha mwangwi wake. Ukiipanga miangwi yote kwenye karatasi unaiona ardhi imekatwa kama keki, tabaka juu ya tabaka. Pale mtetemo unapokuta mwamba mgumu anapaka nyekundu. Pale unapokuta kitu laini anapaka bluu. Kompyuta inaweza kupaka yenyewe, lakini anasema macho yake yanaamini penseli.

Mimi na kidato changu cha nne nikakabidhiwa penseli nyekundu! Nilipaka kwa adabu, bila kutoka nje ya mstari hata mara moja. Chini kabisa akanionyesha kuba, miamba imepinda kama kiganja kilichofunika kitu. Humo ndimo anapoamini mafuta yamekaa.

Kulikuwa na taabu moja. Baadhi ya mistari ilipimwa zamani na watu wengine, na mstari wa zamani ulipokatana na mpya haukukubaliana nao. Nyekundu ya huu ilikutana na bluu ya ule. Mume wangu aliguna, akajikuna kidevu, kisha akaushika mstari wa zamani na kuusogeza chini kidogo tu. Nyekundu ikakutana na nyekundu. "Ona," akasema, "wameshikana kama mimi na wewe." Nikamrukia shingoni mpaka penseli zikatawanyika chini ya kabati.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mume wangu ananukia sabuni na karatasi mpya. Nampenda, nampenda, nampenda.

Jumamosi, 22 Machi

Kaka yangu amekuja! Nyumba nzima imejaa sauti yake. Mume wangu alimwombea kazi, na sasa ni fundi wa mitambo kwenye mnara utakaochimba pale penye kuba. Alipoingia tu akaanza uchokozi.

"Shemeji, nikichimba nikapata maji matupu, namchukua dada yangu."

"Harudishwi," mume wangu akamjibu. "Nilishatupa maboksi."

"Basi nirudishie nusu. Nusu inayopika."

"Hiyo sijaiona bado!"

Niliwarushia mwiko wote wawili. Kisha kaka akavua shati akatengeneza dirisha letu, akiimba kwa sauti mbaya mpaka jirani akagonga ukuta.

Baada ya kula mume wangu alimtandazia ramani. Juu ya kuba, karibu kabisa na uso wa ardhi, kuna lile tabaka nililolipaka mimi. "Hili jekundu ni chokaa ngumu," akamwambia. "Hapa keekee italia kidogo ikitoboa. Nendeni taratibu tu."

"Na cha kutisha ni kipi?"

"Gesi iliyo karibu na juu. Mkiigonga kabla hamjaweka ile valvu kubwa mdomoni mwa kisima, hakuna cha kuizuia. Lakini hapa hakuna."

Nilimtazama anavyoongea, kidole kimetulia kwenye karatasi, nikajiambia nimeolewa na mtu anayeona ndani ya dunia. Mkuu wake amemwahidi ajira ya kudumu kisima kikianza vizuri. Kisipoanza, atapelekwa kwa wapimaji, huko maporini, na mimi nitakuwa mke wa simu. Mungu aepushe.

Jumatano, 2 Aprili

Wameanza kuchimba! Mume wangu amenizungusha jikoni mpaka wali ukaungua.

Alhamisi, 10 Aprili

Amerudi mapema, viatu vimelowa, hakuvivua. Alikwenda moja kwa moja kwenye karatasi zake. Nilimletea taulo, akaishika bila kujifuta.

"Tabaka la udongo limekuja mapema," akasema. "Wamepiga simu. Limekuja kabla ya pale nilipowaambia, na tofauti ni ileile niliyosogeza."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama siku ile, ila bila kunitazama. Ule mstari wa zamani haukuwa umepanda wala kushuka. Walioupima walikuwa wameunganisha nyaya kinyume, basi kila kitu kikatoka kimegeuka. Nyekundu yao ni bluu yetu na bluu yao ni nyekundu yetu. Alitakiwa kuupindua. Yeye akausogeza, na kwa bahati mbaya ukakaa vizuri.

"Kwa hiyo lile jekundu nililopaka mimi si gumu," nikasema.

"Ni laini."

"Ni nini?"

"Huenda ni gesi."

"Basi piga simu."

Akazungusha penseli. Kesho anasaini ajira. Mkuu ameshawaita wakubwa. Akipiga simu leo, hakuna wa kuweka saini kesho. Tena hana uhakika kamili, anahitaji kuhakiki. Amepiga hesabu, na kwa mwendo wao hawafiki pale kabla ya Jumanne. "Jumatatu asubuhi nampigia mchimbaji mkuu mwenyewe," akasema. "Jumatatu, malkia. Bado kuna nafasi."

Nikamshika kichwa nikakilaza kifuani kwangu. Nilimwambia yeye ndiye anayejua. Maskini, alikuwa anatetemeka, na mimi nilijisikia mke kweli, mke wa kumtuliza mume. Nilimvua viatu mwenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Amesaini! Mkuu alimpa mkono mbele ya ofisi nzima. Nyumba hii ni yetu sasa, hatuhami.

Kaka alikuwa mapumzikoni tangu juzi, akapita kula chakula cha mchana kabla ya kurudi kazini. Alikula sahani mbili na kunisifu kwa kejeli. "Bi Harusi, umeanza kupika kama mtu. Nani kakufundisha, jirani?" Mume wangu alicheka kuliko kawaida. Mimi nilimwongezea mboga. Nilimfungia nyingine kwenye bakuli la kifuniko aende nayo. Gari la kazini lilipopiga honi akanibana shavu, akatoka mbio kwenye mvua, bakuli kichwani.

Siku nzuri. Nimechoka tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kutwa nzima. Tumelala mchana.

Jumapili, 13 Aprili

Asubuhi aliniletea chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kikombe chake mkononi, akaanza kusema jambo la kuchekesha kuhusu Mkuu na suruali yake ya kubana. Hakulimaliza. Akaweka kikombe sakafuni.

"Nimehesabu kwa ramani ileile," akasema.

"Nini?"

"Ile Jumanne. Nimeihesabu kwa ramani iliyosogezwa. Kama udongo umekuja mapema, na hilo nalo linakuja mapema. Wapo juu yake sasa hivi."

Alikwenda sebuleni bila viatu. Simu ya mnarani iliita muda mrefu. Mchimbaji mkuu alipopokea, mume wangu alisema kwa haraka, lakini vizuri, bila kubabaika, zimeni injini zote, ondoeni watu, mbele yenu kuna gesi. Nilimsikia yule mtu akipaza sauti kuwaita wenzake. Hakukata simu. Tukasikia miguu ikikimbia juu ya chuma, mlio mmoja wa injini ukazimika, kisha wa pili.

Halafu ikaja sauti. Nilikuwa mlangoni, mbali na simu, na bado niliisikia. Ilikuwa kama kitambaa kikubwa kinachochanwa, kinachanwa na hakiishi. Mume wangu aliiweka simu mezani taratibu. Ikaendelea kuchanika pale mezani.

Kaka ndiye aliyezima injini ya mwisho. Gesi ilitoka kwenye shimo akiwa karibu nalo kuliko mtu yeyote. Haikuwaka, kwa sababu hapakuwa na cheche. Wote wako hai. Wamemtoa kwa miguu yake mwenyewe, damu inatoka masikioni.

Nimeambiwa haya na wifi yangu, mkewe kaka, mchana, kwa simu. Nikamwambia ndiyo, nakuja. Nikatafuta viatu na kumbe nimevivaa.

Jumatatu, 14 Aprili

Hospitali. Kaka amekaa kitandani, anacheka na kila mtu, na anapiga kelele. Hajui kama anapiga kelele. Muuguzi alimwonyesha kwa ishara kama anataka uji, naye akajibu, "NIMESHIBA, ASANTE!" mpaka wagonjwa wote wakageuka. Wifi alicheka huku machozi yanamtoka.

Mkuu alikuja na maua. Alimshika mume wangu mabega yote mawili. "Kijana, simu yako imeokoa watu. Wasingezima injini, tungekuwa tunazungumza mengine hapa. Ulijuaje?"

"Nilikuwa napitia hesabu tena asubuhi," mume wangu akasema.

Wifi akamshika mikono. "Shemeji, Mungu akupe maisha marefu. Umenirudishia mume wangu."

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Niliendelea kuishika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefua mashuka. Hayakukauka.

Jumamosi, 19 Aprili

Chai kitandani. Nimeinywa. Ameniuliza kama ni tamu, nikasema ndiyo.

Jumanne, 22 Aprili

Mama mkwe amepiga simu. Habari zimemfikia mpaka huko. "Mwanangu, umeolewa na mtu, si kipande cha mtu. Unalijua hilo?"

"Ndiyo, mama."

"Mtunze."

"Ndiyo, mama."

Nilipokata simu nilisimama dirishani. Linafunga vizuri sasa. Mvua inaonekana lakini haisikiki.

Ijumaa, 25 Aprili

Ningependa kuandika kitu kizuri kuhusu mume wangu. Anakata kucha zake vizuri. Anakunja soksi. Akilala, mdomo unafunguka kidogo, zamani nilikuwa nauchungulia na kucheka. Jana niliuchungulia. Ni mdomo.

Nampenda. Nimeliandika neno hili ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Limekaa kama maneno mengine.

Jumatatu, 28 Aprili

Kaka ametoka hospitali. Sikio la kushoto linapata ngurumo tu, la kulia halipati kitu. Daktari anasema subirini, huenda yakafunguka. Anajifunza kusoma midomo. Ya wifi inamshinda, anasema inakwenda kama cherehani. Yangu anaipata. Tulikaa mkabala na nikamwambia, "Umekonda." Akajibu kwa sauti ya kuamsha mtaa, "WEWE NDIYE UMEKONDA. UNA MAJI MWILINI AU UMEKAUSHWA?"

Nilicheka kwa sababu zamu yangu ya kucheka ilikuwa imefika.

Jumatano, 30 Aprili

Nilimwuliza mume wangu atamwambia kaka lini. Alikuwa anapaka kiatu dawa. Alisema, "Nimwambie nini? Kwamba nilichelewa na nikawahi?" Kisha akasema itamwumiza tu. Kisha akasema, "Na wewe ulijua, malkia," bila ubaya wowote, kama mtu anayekukumbusha kwamba una mwavuli.

Ni kweli. Nilijua.

Jumapili, 4 Mei

Mvua inapungua. Nimepika, tumekula.

Jumatano, 7 Mei

Anafanya kazi mbele ya macho yangu. Ameipindua ile mistari yote ya zamani, mmoja baada ya mwingine. Anaipaka upya. Alinipa penseli. Niliishika ya bluu, nikapaka pale nilipopaka nyekundu siku ile, na mkono ulikwenda vizuri, haukutoka nje ya mstari. Nilikuwa nasubiri mkono ukatae.

"Umeona?" akasema. "Sasa iko sawa."

"Bado hujamwambia."

Akaendelea kuchonga penseli.

Jumamosi, 10 Mei

Leo walikuwa hapa kwetu. Mama mkwe alisafiri makusudi kuja kumpongeza mwanawe, akasema lazima tuwaite watu. Basi walikuja Mkuu na mkewe, mchimbaji mkuu, kaka na wifi. Viti havikutosha, wengine wakakaa kitandani kwetu, mlango wazi.

Asubuhi, kabla hawajafika, nilimwambia mume wangu leo utamwambia, au nitamwambia mimi. Nilisema huku napanga sahani. Nadhani ndiyo maana aliniamini, kwa sababu sikulia wala sikupaza sauti. Alisema sawa, atamwita pembeni.

Chakula kilipokwisha alimgusa kaka bega, wakaenda jikoni. Nikawafuata. Mume wangu alisimama karibu na sinki, akainamisha kichwa, akaanza kusema kwa sauti ya chini.

"SIONI MDOMO WAKO," kaka akasema. "INUA USO, SHEMEJI, UNAONGEA NA SINKI?"

Sebuleni walicheka.

Mume wangu akainua uso. "Nilijua," akasema.

"ULIJIBU?"

"Nilijua!"

"ULIJUA NINI? FUNGUA MDOMO, MTU WA WATU!"

"Gesi!" Hapo sauti ikapanda yenyewe, haikuwa na namna nyingine ya kumfikia yule mtu. "Nilijua gesi ipo! Nilijua tangu Alhamisi!"

 Sebuleni nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani. Kaka alikuwa bado anautazama mdomo wa mume wangu, nyusi zimekunjwa, kama mtu anayesoma kibao kwa mbali.

"ALHAMISI IPI? ILE KABLA?"

"Ile kabla."

"MBONA HUKUPIGA SIMU?"

"Nilitaka nisaini kwanza!"

Alilazimika kulisema mara mbili. Mara ya pili alilikata vipande vipande, ni-li-ta-ka ni-sai-ni, na mama yake akatokea mlangoni, mkono mdomoni. Nyuma yake alisimama Mkuu, glasi bado mkononi.

Kaka hakumpiga. Aligeuka akanitafuta mimi. Nikasogea mbele ya uso wake, penye mwanga, ili asipate taabu.

"NA WEWE?"

"Na mimi," nikasema. "Nilijua."

Alinitazama sana. Kisha akasema, kwa sauti ile kubwa ambayo mwenyewe haisikii, "IJUMAA NILIKULA HAPA."

"Ndiyo."

Wifi alikuja akamshika mkono. Hakutuangalia. Mchimbaji mkuu aliwafungulia mlango, na kwa adabu tu Mkuu alimaliza maji yake kabla ya kuaga, akamwambia mume wangu aje ofisini Jumatatu, aje na karatasi zote. Mama mkwe ameosha vyombo peke yake. Hakunisemesha. Sikujua pa kuweka mikono.

Jumatatu, 12 Mei

Ajira imefutwa. Anapelekwa kwa wapimaji, akatembee na vinasa kama wengine wote. Ananiuliza kama nitamsubiri. Aliniuliza akiwa ananitazama usoni, na niliona anavyoogopa, na niliona pia kwamba hii ni mara ya kwanza ninamwona. Nikamwambia simjui vizuri bado. Akasema, "Hata mimi." Tumepakia nguo zake pamoja. Soksi nimezikunja mimi.

Jumanne, 13 Mei

Wifi amepiga simu asubuhi.

"Kaka yako anakwenda kliniki. Anasema uje."

Nikaanza kumshukuru.

"Hajakusamehe, usijidanganye," akasema. "Mimi ndiyo kabisa. Ila daktari anaongea haraka, na mdomo wako ndio anaouweza."

Naandika haya kwenye benchi, nje ya chumba cha vipimo, kaka ameingia kunawa uso. Muda mfupi uliopita daktari alikunja makaratasi yake, akasema maneno mengi, akaniangalia mimi badala yake, kama wote wanavyofanya. Kaka akageuza kiti, magoti yetu yakagusana, akayaweka macho yake kwenye mdomo wangu akasubiri. Sikio la kulia halitarudi tena. La kushoto huenda kidogo, huenda lisirudi. Nilitamani kulisogeza hilo jambo, kidogo tu, mpaka likae vizuri.

Nikamwambia lote.